Kabla Hujatia Saini: Mwongozo Kamili wa Kulinda Kazi Yako Mbele ya Kampuni Kubwa

Kila sheria ya hakimiliki inapoongezewa makali, sababu inayotajwa ni ileile: kumlinda msanii. Sheria ya kwanza ya aina hii, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1710, ilimpa mwandishi wa kitabu kipya miaka 14. Muda huo ukiisha naye yu hai, haki ilimrudia kwa miaka 14 mingine. Leo Umoja wa Ulaya na Marekani zinailinda kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake. Nyongeza ya mwisho ya Marekani, ya miaka 20, ilipitishwa mwaka 1998, na kazi zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni zikafikishwa miaka 95 tangu kutolewa. Ndiyo maana Mickey Mouse wa mwaka 1928 hakuingia kwenye miliki ya umma, ambako kila mtu yuko huru kuitumia kazi, hadi Januari 2024.

Tatizo ni kwamba haki ndefu haimfai mtu aliyekwisha kuitia saini. Pale ambapo kampuni chache ndizo zinazoshika njia ya kuwafikia wasomaji na wasikilizaji, kila haki mpya ambayo bunge linampa msanii huishia kuwa mstari mwingine kwenye mkataba wa kuikabidhi. Katika urefushaji wote huo, lile jambo la mwaka 1710 la haki kumrudia mwenyewe likatupwa nje au kudhoofishwa katika nchi nyingi, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa na maana kuliko yote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mkataba, hesabu na tarehe, kisha sheria zinazostahili kubadilishwa. Ni wa waandishi, wanamuziki, wachoraji, wapiga picha na watengeneza filamu. Hauchukui nafasi ya wakili, ila utakusaidia kujua cha kumuuliza ili usimlipe kwa kukueleza mambo ya msingi.

Hatua ya 1: Jua una haki ngapi

Watu husema "hakimiliki yangu" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa kweli ni fungu la haki zinazotengana: kunakili, kusambaza, kutafsiri, kugeuza kazi kuwa filamu au mchezo wa jukwaani, kuitumbuiza hadharani, kuisoma kwa sauti na kuiuza hivyo, kuiweka mtandaoni. Kila moja inaweza kuuzwa au kukodishwa peke yake, kwa nchi fulani, kwa lugha fulani, kwa miaka fulani.

Chukua karatasi, andika jina la kazi yako, kisha orodhesha haki zote hizo chini yake. Mbele ya kila haki andika nani anayo sasa, kwa muda gani, na kwa malipo gani. Wengi wanaofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza hugundua nafasi ambazo hawawezi kuzijaza, na nafasi hizo ndizo pa kuanzia.

Wanamuziki wana fungu mara mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, na kuna haki ya rekodi yenyewe, ile ambayo watu wa studio huiita masta. Tofauti hii ina uzito mkubwa. Rekodi za albamu sita za kwanza za Taylor Swift zilipouzwa mwaka 2019 pamoja na lebo iliyozimiliki, bado alikuwa na haki ya utunzi. Muda wa katazo la kurekodi upya lililokuwa kwenye mkataba wake ulipokwisha, akaanza kuziimba tena na kutoa matoleo mapya kuanzia mwaka 2021, akawaomba mashabiki wasikilize hayo. Mwaka 2025 akanunua masta za zamani. Si kila msanii ana jeshi la mashabiki kama lake, lakini angalia kilichomfungulia mlango: haki moja aliyobaki nayo, na katazo lililokuwa na tarehe ya mwisho. Ukikuta kifungu cha kurekodi upya kisicho na tarehe, kipinge.

Kando ya fungu hilo kuna haki za kimaadili: jina lako kutajwa, na kazi yako kutoharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima. Mkataba wa Bern wa mwaka 1886, ambao ni makubaliano ya nchi nyingi kuhusu hakimiliki, unazitambua katika marekebisho yake ya baadaye. Ufaransa huwezi kuziuza hata ukitaka. Uingereza unaweza kuziachilia kwa maandishi, na kampuni nyingi hukuletea maandishi hayo yakiwa tayari.

Hatua ya 2: Weka ushahidi

Chini ya Mkataba wa Bern, kazi inalindwa tangu inapotungwa bila kusajiliwa popote. Hiyo haimaanishi usajili ni kazi bure. Marekani, kwa mfano, fidia ya kisheria inayofika hadi dola 150,000 kwa kazi iliyoibwa kwa makusudi hupatikana tu kama ulisajili kabla ya wizi, au ndani ya miezi mitatu tangu kuchapisha. Mwaka 2025 kampuni ya akili bandia ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilipakuliwa kutoka maktaba za uharamia, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu. Waliohesabiwa ni wenye vitabu vilivyosajiliwa kwa wakati huko Marekani. Wengine, hata kama kitabu chao kilikuwa kwenye faili hizohizo, waliachwa nje.

Hifadhi rasimu zenye tarehe, barua pepe na faili za awali. Mkifanya kazi wawili au zaidi, andikeni mgawo wa asilimia siku hiyohiyo mkiwa bado marafiki, kila mmoja asaini. Ugomvi wa mgawo huanza siku pesa inapoonekana, na hapo kila mtu anakumbuka alitunga kiitikio.

Hatua ya 3: Soma kifungu cha kukabidhi haki neno kwa neno

Hapa usiwe na haraka. Kifungu cha kawaida huwa hivi:

"Mtunzi anaikabidhi Kampuni haki zote katika Kazi, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki pamoja na nyongeza zake, katika njia zote zinazojulikana sasa au zitakazobuniwa baadaye, na Kampuni ina hiari ya kuitumia Kazi au kutoitumia."

Sentensi moja tu, lakini ina mitego sita. "Anaikabidhi" maana yake unahamisha umiliki. Leseni ingekuacha mwenye mali. "Haki zote" inabeba filamu na tafsiri ambazo kampuni huenda haina hata idara ya kuzishughulikia. "Duniani kote" ni sawa kwa kampuni inayouza duniani kote, na ni uporaji kwa ile inayouza nchi mbili. "Muda wote wa hakimiliki pamoja na nyongeza zake" inamaanisha bunge likiongeza miaka 20 kesho, nyongeza ni ya kampuni. "Zitakazobuniwa baadaye" ni kuuza mbuzi kwenye gunia: waliosaini maneno ya namna hiyo kabla ya intaneti walikuta wameuza haki za mtandaoni bila kujua kitu hicho kingekuwepo. Na "kutoitumia" inaruhusu kazi yako ifungiwe kabatini nawe usiweze kuipeleka kwingine.

Rudisha kifungu kikiwa hivi:

"Mtunzi anaipa Kampuni leseni ya pekee ya kuchapisha na kuuza Kazi kama kitabu cha karatasi na cha kielektroniki, kwa lugha na katika nchi zilizotajwa kwenye Jedwali A, kwa miaka saba tangu tarehe ya kuchapishwa. Haki zote ambazo hazikutajwa hapa zinabaki kwa Mtunzi. Mauzo yakishuka chini ya nakala 100 kwa vipindi viwili vya hesabu vinavyofuatana, leseni itakoma siku 90 baada ya Mtunzi kutoa taarifa ya maandishi."

Hutapata yote. Ukilazimika kuchagua, shikilia ukomo wa muda na sentensi ya "haki ambazo hazikutajwa". Mimi ningekubali asilimia ndogo kwa miaka saba kuliko asilimia nono ya milele, kwa sababu asilimia hujadiliwa upya muda ukiisha na milele haijadiliwi.

Kiangalie pia kifungu kinachoitwa kazi ya ajira. Kikitumika, sheria huichukulia kampuni kuwa ndiye mtunzi tangu mwanzo, nawe hukuwahi kuwa na haki ya kuidai baadaye. Kwa mwajiriwa wa kudumu hilo ni kawaida. Kwa mtu wa kujitegemea anayelipwa kwa kazi moja, uliza ni kwa msingi gani: sheria ya Marekani inaruhusu jambo hilo kwa wasioajiriwa katika aina tisa tu za kazi zilizotajwa, na lazima liwe kwa maandishi.

Mwisho, akili bandia. Mikataba ya siku hizi huingiza haki ya "kuchakata data" au "kuboresha huduma" katikati ya aya ndefu ya mambo ya kiufundi. Andika wazi kwamba hakuna ruhusa ya kutumia kazi au sauti yako kufundishia mifumo ya akili bandia bila makubaliano mengine yenye malipo yake.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kushangilia malipo ya awali

Tuseme lebo inakupa malipo ya awali ya 10,000, kwa fedha yoyote utakayo. Inatumia 30,000 studio na kwenye video. Mrabaha wako ni asilimia 20, na mkataba unasema gharama hizo zote 40,000 zitarejeshwa "kutoka sehemu ya Msanii".

Rekodi inaingiza 150,000. Sehemu yako ni 30,000, na yote inakwenda kwenye deni. Bado unadaiwa 10,000. Lebo imepokea 150,000 na imetoa 40,000, kwa hiyo imebaki na 110,000 kabla ya matumizi ya ofisi yake. Deni lako litaisha mapato yakifika 200,000. Na baada ya wewe kuilipia rekodi kwa jasho lako, masta bado ni ya lebo.

Sasa badilisha maneno machache tu. Gharama za studio na video zikatwe juu, kwenye mapato yote, kisha kinachobaki kigawanywe nusu kwa nusu. Kutoka 150,000 toa 30,000, zinabaki 120,000, nusu yako 60,000. Ondoa malipo ya awali uliyokwisha kula, unapokea 50,000. Mapato hayakubadilika hata senti, na kila kitu kimebadilika. Ndiyo maana anayekuuliza tu "unataka asilimia ngapi?" bado hajakuuliza lolote la maana. La muhimu ni asilimia ya nini, na baada ya kukata nini.

Ukishamaliza hapo, tafuta kifungu kinachoruhusu deni la kazi ya kwanza kulipwa na mapato ya kazi ya pili. Kikatae. Kila kazi na daftari lake.

Kwa wanaotegemea majukwaa ya kusikiliza muziki, fahamu jinsi chungu kinavyogawanywa. Kwa kawaida ada za wasikilizaji wote huwekwa pamoja, kisha hugawanywa kulingana na sehemu ya kila msanii katika usikilizaji wote. Shabiki wako anaweza kukusikiliza wewe peke yako mwezi mzima na sehemu kubwa ya ada yake ikaenda kwa wasanii asiowajua. SoundCloud ilianza mwaka 2021 kuwalipa baadhi ya wasanii kwa kufuata usikilizaji wa kila shabiki. Spotify, kwa upande wake, tangu mwaka 2024 hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12.

Hatua ya 5: Dai daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye mkataba dai taarifa ya mauzo angalau mara mbili kwa mwaka, ikionyesha idadi, bei, nchi na makato yote, si jumla peke yake. Dai haki ya kumleta mkaguzi wako. Kisha ongeza sentensi ambayo wengi huisahau: ikigundulika umepunjwa zaidi ya asilimia tano, gharama ya ukaguzi ni ya kampuni.

Chunguza kama kuna muda wa kupinga. Mikataba mingi husema taarifa isiyopingwa ndani ya mwaka mmoja au miwili inahesabiwa kuwa sahihi milele. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda kila taarifa inapofika. Angalia pia usiri: kama umekatazwa kuwaonyesha wenzako matokeo ya ukaguzi, kampuni itamlipa msanii aliyeleta mkaguzi na kuendelea kuwapunja wengine kwa fomula ileile. Futa katazo hilo.

Hatua ya 6: Usifungiwe ndani ya jukwaa

Hii ndiyo sehemu inayowashangaza watu. Faili za vitabu vya kielektroniki, vitabu vya sauti na filamu mara nyingi huuzwa zikiwa na kufuli la kidijitali. Chini ya sheria nyingine ya Marekani ya mwaka 1998, kuuza kifaa cha kufungua kufuli hilo kibiashara ni jinai inayoweza kufikia miaka mitano jela kwa kosa la kwanza. Wewe mtunzi huna ruhusa maalum ya kumpa msomaji wako funguo ya kitabu ulichokiandika mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba msomaji aliyenunua vitabu vyako kumi kwenye jukwaa moja hawezi kuhama navyo kwenda lingine. Ukigombana na jukwaa ukaondoka, unamwacha nyuma. Kufuli lililouzwa kwa jina la kukulinda dhidi ya wezi linalinda duka dhidi yako.

Unapopewa hiari, uza bila kufuli. Epuka mkataba wa kuuza kwenye jukwaa moja pekee, au uwe wa miezi, si miaka. Na kusanya anwani za barua pepe za wasomaji na mashabiki wako, kwa ridhaa yao, mahali unapopamiliki mwenyewe. Wafuasi walio kwenye jukwaa ni wa jukwaa.

Hatua ya 7: Rudisha kilichokwisha kwenda

Kama ulisaini zamani, usikate tamaa kabla ya kusoma sheria ya nchi inayotawala mkataba.

Marekani, mtunzi aliyekabidhi haki tangu tarehe 1 Januari 1978 anaweza kuzirudisha baada ya miaka 35, hata kama mkataba unasema vingine. Taarifa itolewe kati ya miaka 10 na miaka miwili kabla ya tarehe ya kurudi. Ukichelewa kupita dirisha, basi. Kazi ya ajira haimo, na sasa unaona kwa nini kampuni hulipenda sana neno hilo. Kanada, haki alizokabidhi mtunzi akiwa hai hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la hakimiliki la mwaka 2019 linampa mtunzi njia ya kubatilisha leseni ya pekee kama kazi haitumiki kabisa.

Kesi inayofaa kukaririwa ni ya Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyerekodi "Mbube" mwaka 1939. Mwaka 1952 alikabidhi haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia kwa majina mengine, ukaingia hadi kwenye filamu ya Disney, naye alikuwa amefariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mawakili wa familia wakaenda kufukua sheria ya kikoloni ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyosema haki zilizokabidhiwa hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo. Yaani mwaka 1987 haki zilikuwa zimekwisha kurudi bila mtu kujua. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaisha kwa suluhu na malipo kwa mabinti zake.

Shilingi 10 zile zilikuwa halali kabisa kimkataba. Kilichoiokoa familia ni kifungu ambacho Linda hakuweza kukitoa hata kama angetaka, kwa sababu sheria ilimkataza kukiuza mapema.

Hatua ya 8: Jadilini pamoja, kisha mdai sheria

Mtu mmoja mbele ya kampuni kubwa ana uwezo mdogo hata akiwa na mwongozo mzuri. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, wakapata masharti ambayo hakuna hata mmoja wao angeyapata peke yake, likiwemo la akili bandia kutohesabiwa kuwa mwandishi. Walikuwa na chama kinachotambuliwa kisheria. Watu wa kujitegemea wanaojadili bei pamoja wanaweza kushtakiwa kwa sheria za ushindani, kana kwamba wao ndio wenye ukiritimba. Mwaka 2022 Kamisheni ya Ulaya ilitoa miongozo inayowalinda wafanyakazi wa aina hiyo. Nchi yenu kama haina kinga kama hiyo, hilo liwe dai la kwanza.

Dai la pili lihusu miungano ya kampuni. Mwaka 2022 mahakama ya Marekani ilizuia kampuni ya vitabu ya Penguin Random House kuinunua mwenzake Simon & Schuster kwa dola bilioni 2.175, na hoja iliyobeba kesi ilikuwa waandishi: wanunuzi wakipungua, malipo ya awali kwa vitabu vinavyotarajiwa kuuzika sana yangeshuka. Kwa miaka mingi mamlaka za ushindani zilimtazama zaidi mlaji. Vyama vyenu vipeleke ushahidi wa malipo pale muungano unapotangazwa, mapema, kabla faili halijafungwa.

Mkiitwa kutoa maoni juu ya muswada wa hakimiliki, msiombe miaka zaidi. Ombeni haki irudi kwa mtunzi baada ya muda usiozidi miaka 25, kwa kifungu ambacho mtunzi hawezi kukiachilia hata kwa saini yake. Ombeni taarifa za mapato kila mwaka kwa lazima, na marekebisho ya malipo pale kazi inapofanikiwa kupita kiasi kilichotarajiwa. Agizo la Ulaya la mwaka 2019 tayari lina vyote viwili, kwa hiyo lugha ya kunakili ipo. Ombeni ruhusa ya mtunzi kumfungulia mnunuzi wake kufuli la kidijitali. Andikeni kila ombi kama kifungu kamili, na pembeni yake mbandike ukurasa wa mkataba halisi, majina yakiwa yamefutwa, unaoonyesha kasoro mnayotaka irekebishwe.